Neno la Mwisho Linasemewa Stesheni

Mheshimiwa mkuu wa mtaa wetu, Baba Padri, mwenye ukumbi huu uliotupokea, Masera, mkuu wa shule yetu, Tata Mukalay, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, pamoja na mama yako mzazi, Maman Mbuyu, uliyekaa naye mbele, walimu wetu mliobaki, akina tata na akina mama, wanafunzi wenzangu, na ninyi mliosimama madirishani, wengine kwa sababu viti havikutosha, wengine kwa sababu mlitaka kusikia bila kuonekana mmeingia: ninawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Jina langu ni Numbi. Nimemaliza mwaka wa tano katika shule yetu hapa Kolwezi, na Masera amenipa kazi ya kufunga mwaka huu wa masomo kwa kuwaambia kwa nini kijana apende ushairi. Nilipofika mlangoni, Tata Mukalay alinishika bega akaniambia kwa sauti ya mzazi, "Numbi, mama, leo sema ushairi tu. Mambo ya politiki uachie batu bakubwa." Nilimjibu, "Ndiyo, tata." Ninarudia jibu hilo mbele yenu ili muwe mashahidi wangu. Nitasema ushairi tu.

Ndugu wazazi, najua wengi wenu hamkuja hapa kwa ajili ya ushairi. Mmekuja kusikia majina ya watoto wenu waliofaulu, na hotuba hii ni kama foleni ambayo mtu hawezi kuikwepa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilidhani shairi ni kitu cha Kifaransa, cha kukariri mikono ikiwa nyuma, na ukisahau mstari unapigwa rula. Aliyenitoa katika dhana hiyo ni mwalimu wetu, Tata Badibanga, ambaye kwa miaka mingi alifungua ukumbi huu kila Jumamosi mchana, baada ya mazoezi ya kwaya, ili mtu yeyote aingie na kusikiliza mashairi. Sikusema mwanafunzi yeyote. Nimesema mtu yeyote. Walikuja wachimbaji wametoka zamu, kofia ngumu wamezipakata. Walikuja akina mama wa soko wakaweka mabeseni yao pale kwenye ukuta. Walikuja hata wale waliotaka kivuli tu.

Je, mnakumbuka siku Tata Kazadi wa karakana alipoinuka katikati ya shairi? Alisema, "Mwalimu, samahani. Ushairi inakuliwa?" Ukumbi wote ulicheka, maana mishahara ilikuwa imeanza kukawia na kila mtu alikuwa anafikiria bukari, ugali wa jioni. Tata Badibanga alicheka pia, tena kuliko sisi. Kisha akamjibu, "Hapana, tata, haikuliwe. Lakini na jina yako pia haikuliwe. Bakikunyanganya ile jina, utabakia nani?" Tata Kazadi alikaa chini. Jumamosi iliyofuata alirudi na mke wake.

Na siku yangu ya kwanza kusimama hapa, mnaikumbuka? Natumaini hapana. Nilisema shairi langu lote kwa pumzi moja, mpaka Maman Bilonda, anayeuza makala, mkaa wa Mutshatsha, pale njia panda, akaita kutoka nyuma, "Eh, mutoto! Unakimbizwa na nani?" Nililia. Mwalimu hakunibembeleza. Aliniambia nirudie polepole, kwa sababu, alisema, msikilizaji ni mgeni aliyechoka, na mgeni aliyechoka humtupii maji usoni. Unampa kikombe, unangoja anywe. Maman Bilonda, nakuona umekaa palepale. Leo sikimbizwi na mtu.

Sasa nifike kwenye swali nililopewa. Ushairi ni nini, hata tuupende?

Mwalimu wetu hakutupa maana ya kuandika ubaoni. Alitupa kazi ya nyumbani. Alisema, "Nendeni mukaulize mama na bibi zenu: mulipokuwa mnaogeshwa, muliitwa namna gani?" Tulidhani anatania. Lakini tulipouliza, milango ilifunguka ambayo hatukujua kwamba iko katika nyumba zetu. Bibi yangu, mtu asiyependa maneno mengi, aliacha kutwanga, akafuta mikono, akasema kwa Kiluba maneno ambayo kwa Kiswahili yanakuwa hivi: "Numbi, mwana wa njia ya chumvi, usiyeogopa mto kwa sababu umezaliwa ng'ambo yake." Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikiitwa Numbi, herufi tano tu, bila kujua kwamba jina langu lina njia, lina chumvi na lina mto. Mwenzetu mmoja darasani alirudi akiwa ameona haya, kwa sababu yeye aliitwa "chungu kinachokawia kuiva." Tulimcheka mpaka mwalimu akamwomba amalizie. Akamalizia: "lakini kikiiva, hulisha hata waliopita njia." Baada ya hapo kila mmoja wetu alitamani kuwa chungu.

Hiyo ndiyo maana niliyoipata mimi, na ninaiweka mbele yenu bila kudai kwamba nimeshinda wasomi: shairi ni kumwita mtu au kitu kwa jina lake refu. Mambo ya kila siku yanatufupisha. Kazini mtu ni namba kwenye kadi. Sokoni ni mteja. Hospitalini ni kitanda cha dirishani. Shairi linakuja linasema: ngoja, huyu hajaisha, kuna sehemu yake hamjaitaja. Kwao Tata Badibanga, katika watu wa Kasai, ufundi huo una jina, wanauita kasala. Mtu akizaliwa, akioa, akirudi kutoka mbali, akifa, husimama mwenye sauti akamwita kwa majina ya waliomzaa na kwa mambo aliyoyafanya. Na sisi wa kaskazini ya Katanga tunao ufundi wetu, ndugu wa huo. Mwalimu aliichukua desturi hiyo, akaipa ukumbi wetu tabia moja ya kwake: msomaji akimaliza kumsifu mtu, anauliza, "Iko?", yaani, yupo? Na ukumbi wote unajibu, "Iko!" Bila jibu hilo, alisema, sifa ni chakula kilichogawiwa katika nyumba tupu.

Waheshimiwa, kuna siku moja iliyonifundisha haya kuliko Jumamosi zote. Wengi wenu mlikuwepo, na wenye msiba wameketi mbele yangu, kwa hiyo nitasema kwa adabu.

Ulikuwa mwaka ule shimo la mgodi lilipoporomoka, kabla kazi yenyewe haijaporomoka nyuma yake. Katika waliobaki chini alikuwamo Polycarpe, mdogo wake Tata Mukalay, mtoto wa mwisho wa Maman Mbuyu. Kilio kilikuwa nyumbani kwao, mtaa wetu, na mimi nilikuwa nimetumwa kusaidia kuchota maji. Mzee wa ukoo wao, yule ambaye kazi yake ni kumwita marehemu kwa majina ya wazee, alikuwa kule kwenye mabwawa ya kaskazini, na treni haikutembea. Siku ya mazishi ikafika. Jeneza liko uani. Watu wanatazamana. Nani atamwita Polycarpe? Mnajua uzito wa jambo hilo. Mtu aliyekaa chini ya ardhi gizani, mnamrudisha tena ardhini, na hakuna aliyesema yeye ni nani.

Tata Badibanga alikuwa jirani, amekaa nao kilioni kama wengine. Aliinuka, akaenda jikoni kwa akina mama, akapiga magoti mbele ya Maman Mbuyu, akamwuliza swali lilelile la kazi ya nyumbani: "Maman, ulipokuwa unamuogesha, ulimuita namna gani?" Maman Mbuyu alimwambia, na alimwambia kirefu. Mwalimu akarudi uani, akavua viatu, akaanza kuita kwa Kiluba chetu, Kiluba cha Katanga, ila kwa ulimi wake wa Kasai.

Hakufika mbali. Mjomba mmoja, ambaye sasa ni marehemu na Mungu amrehemu, alipaza sauti kutoka penye pipa la maji: "Eh! Banaita mutoto yetu na majina ya bantu ya Kasai? Hata kufa, batuzike na luga yabo?" Na wengine wakaguna, na vijana wakasogea mbele. Mwalimu alinyamaza, mikono yake imeshikana.

Ndipo Maman Mbuyu akatoka jikoni. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Alisema, "Munyamaze. Ile majina ni ya mi. Mi ndiyo nilimuogesha nayo. Nyie mulikuwa wapi?" Akamgeukia mwalimu: "Tata, rudilia. Anzia kwa mwanzo."

Naye akarudia. Na safari hii, ndugu zangu, watu wakasikia. Wakamsikia babu yao mvuvi, na kisiwa cha mafunjo, na mtoto wa mwisho anayekula chini ya sufuria na asinung'unike. Maneno hayakubadilika hata moja. Yalikuwa yaleyale yaliyogunwa. Mara ya kwanza walisikia mdomo, mara ya pili wakasikia maneno. Lugha ya Kasai na Kiluba chetu ni watoto wa tumbo moja; kwa mbali huwezi kuwatofautisha; aliyetaka kumsikia mgeni alimsikia mgeni, hata pale alipokuwa anaitwa babu yake mwenyewe. Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na bado sijalimaliza.

Mwisho wake mwalimu aliuliza, "Polycarpe iko?" Unajibu nini, ikiwa jeneza liko mbele yako? Na sauti ya kwanza iliyojibu ilikuwa ya mwanaume mmoja aliyevua kofia yake, akaikandamiza kifuani, akasema, "Iko!" Kisha ua mzima ukajibu. Tata Mukalay, sauti hiyo ilikuwa yako. Sisemi haya ili kukuumiza. Ninakusifu, kwa sababu katika maisha yangu sijasikia shairi fupi na zuri kuliko neno lako lile.

Sasa nageukia mwaka huu, na ahadi yangu bado ninaishika.

Mwaka huu king'ora cha mgodi kimenyamaza, na sisi tuliokuwa tukiamshwa nacho tumejifunza kuamka kwa wasiwasi. Mwaka huu pia tumejifunza neno moja fupi. Sitalitamka katika nyumba ya Baba Padri. Mnalijua, limeandikwa kwa mkaa kwenye kuta za kambi, na watoto wadogo wanaliimba wakiruka kamba. Maana yake ni wadudu, wale wanaokula mazao shambani. Wameitwa hivyo majirani zetu ambao baba na babu zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na ambao sasa wanatolewa katika nyumba zao na kuambiwa waende kwao. Mimi nimekatazwa kusema politiki, na politiki siijui. Lakini ushairi nimefundishwa, na kwa ushairi ninaweza kusema hili: neno lile ni kinyume cha shairi. Shairi linachukua herufi tano na kuzifanya njia na chumvi na mto. Neno lile linachukua mwalimu, na viatu vyake, na magoti yake jikoni, na Jumamosi zake zote, linamfanya kitu kinachokanyagwa. Ukishamfupisha mtu kiasi hicho, je, ni kazi ngumu kumbebea kitanda chake nje?

Tata Badibanga alizaliwa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi. Anarudishwa mahali ambapo hajawahi kufika.

Wiki hizi zote yuko stesheni na mke wake na watoto wake, chini ya turubai, kati ya mamia ya wengine wanaongoja treni. Binti yake Tshibola ndiye niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Jana nilikwenda kuwaona. Tshibola alikuwa anamsuka mdogo wake, na aliponiona alisema, "Umekuja na mikono mitupu? Basi utanisaidia kushika hii kichwa, inatikisika kama kuku." Tulicheka. Ilikuwa vizuri kucheka. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake. Aliniuliza kama nimeandaa hotuba. Nikamwambia nimeandaa, lakini sijui imalizikie wapi. Akasema, "Usitafute mwisho kwa kitabu. Utauona kwa sura ya bantu."

Kisha mkewe, Maman Kanyinda, anayeitwa kwa jina la mtoto wao aliyerithi babu yake, akasema jambo kama utani. Alisema, "Huyu bwana ameita bantu bote ya Kolwezi, bazima na bale balikufa. Sasa yeye anaenda, na nani atamuita?" Mwalimu alimwambia, "Acha, mama. Batu beko na shida zabo." Lakini niliona jinsi alivyotazama pembeni. Na nikakumbuka ua ule, na jeneza lile, na kimya kile kabla Maman Mbuyu hajatoka jikoni.

Ndugu wageni waalikwa, asubuhi hii treni imefika. Mmesikia filimbi yake, kama nilivyoisikia mimi. Mabehewa yanapakiwa, na mchana huu itaondoka kupitia Tenke na Kamina hadi Kasai. Mtu aliyetufundisha kwamba hakuna mtu wa kuondoka bila kuitwa ataondoka hivyohivyo, kama gunia lenye chapa, kama hakuna atakayesimama.

Mimi nimeshika majina yake. Niliyauliza kwa Maman Kanyinda, wakati mwalimu amekwenda kutafuta maji. Nimeyaweka katika Kiswahili, lugha yetu sisi sote, ili mtu asiseme ni ya huku au ya kule. Nitayasema mbele yenu sasa, polepole, na ninawaomba mnywe kikombe hiki pamoja nami.

Badibanga, mwana wa Kanyinda mzee,
mjukuu wa mtu aliyeitwa na kengele ya mgodi kabla jua halijaitwa,
wewe ambaye kitovu chako kimezikwa hapa, nyuma ya kambi, katika udongo mwekundu;
Badibanga, chaki iliyoisha mkononi, maneno yakabaki;
ungo unaopepeta sauti zetu, makapi yakaruka, punje zikarudi kwetu;
jirani aliyepiga magoti jikoni na kuuliza majina ya watoto wetu
kama mtu anayeuliza njia ya kwenda kisimani;
uliyemwita ndugu yetu siku ambayo sisi wenyewe tulikuwa mabubu;
uliyegunwa, ukanyamaza;
ulipoambiwa rudia, ukarudia, bila kinyongo;
Badibanga, mlango usiouliza kabila la anayebisha,
wakikuita kwa jina fupi, sisi tunalo refu.

Nimefika mwisho wa mistari, na mnajua kinachofuata. Kinafuata swali, na baada ya swali, jibu. Naona baadhi yenu midomo imeshafunguka. Nawaomba, msijibu. Swali hilo sitaliuliza hapa, kwa sababu mwenye jina hayupo hapa. Tukijibu ndani ya ukumbi huu tutajisikia vizuri sisi, na yeye atasikia filimbi tu.

Sijui kama nimevunja ahadi yangu. Nilisema nitazungumza ushairi, na huu ndio ushairi wote ninaoujua. Siwezi kuzuia treni. Hakuna mwanafunzi anayeweza. Wala siwaambii kwamba neno moja litarudisha vitanda ndani ya nyumba. Lakini mtu anaweza kubeba njiani sauti ya mji ulioitikia jina lake, na watoto wake wakaikumbuka, na siku moja ikawa rahisi kidogo kurudi, au rahisi kidogo kwetu kumtazama usoni akirudi. Hilo ndilo tumaini langu. Ni dogo, nalijua, lakini linaweza kutembea mpaka stesheni.

Nawashukuru Masera na walimu kwa kuniamini. Nakushukuru, Baba Padri, kwa ukumbi. Nawashukuru wazazi wangu, ambao wamekaa kule nyuma na wanaogopa kwa ajili yangu. Najua, mama, nimekuona ukishika kitenge chako. Nakushukuru, Tata Mukalay, kwa kuniacha nimalize.

Sasa ninashuka jukwaani na kwenda stesheni. Kwenda kwenyewe ni mwendo mfupi, na nitakwenda polepole, kama nilivyofundishwa, ili anayetaka anifikie. Nikifika nitasema majina haya tena mbele ya behewa lake, na mwishoni nitauliza, "Badibanga iko?" Mimi peke yangu siwezi kujijibu.

Maman Bilonda amekwisha kujitwika beseni lake. Na hapa mbele, Maman Mbuyu ameinuka; ameacha fimbo yake kitini na ananyoosha mkono, anatafuta wa kumshika. Tata Mukalay, mkono huo uko upande wako.

Mmenisikiliza kwa subira, nami nasema asanteni. Neno lililobaki ni lenu.